Uliza Ankal: Alisoma karatasi ama ameanza tu kunipenda?

Sasa Ankal,

Kwanza usicheke, na kama lazima ucheke basi ngoja umalize kusoma. Shida yangu ni ya gemu lakini imeanza kunifuata mpaka kazini, jana nimeandikia mteja risiti ya misumari ya inchi nne na mahali pa jina lake nikaandika Bibi Mahira, na Bibi Mahira ni binti mfalme wa kisiwa ambacho hakipo.

Mimi ni msichana wa miaka 28, nakaa Umoja, naweka hesabu kwa duka la hadwea. Kila Jumapili saa nane mchana tunakutana watu sita kwa nyumba ya rafiki yetu Donholm tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa wenye hawajui, ni mchezo wa mdomo na karatasi, hakuna skrini. Kuna gemu masta mmoja, huyo ndiye anasimulia dunia na kuigiza kila mtu ambaye si sisi, kuanzia mfalme mpaka mbuzi, na sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake, jambo likiwa gumu unarusha dadu ya pande 20 alafu dadu inaamua. Hatuna vile visanamu vya bei, majini wetu ni vifuniko vya soda na joka ni chupa ya tomato sosi. Mamangu anaamini ni kamari. Nilimwambia hapo hakuna hata shilingi inawekwa, akaniuliza sasa dadu ni za nini.

Mhusika wangu anaitwa Zawena, ni malenga, amelelewa na mama muuza samaki kwa mji wa bandari. Kampeni yetu, yaani hii hadithi moja ndefu tunayocheza, tumeiendesha mwaka mmoja na nusu sasa, na hadithi ni hivi: mtawala wa kisiwa, Mwinyi Salimu, alikufa bila mtoto anayejulikana, ndugu yake Mwinyi Haruni akakalia kiti, na huyu Haruni ana mtoto mmoja tu ndiye Bibi Mahira, kwa hivyo mwenye atamuoa Mahira ndiye kesho atakuwa mtawala. Unaweza kujua hiyo ikulu imejaa wachumba venye inzi hujaa kwa bucha.

Miezi saba iliyopita gemu masta alinisukumia karatasi chini ya meza. Ilikuwa nyuma ya risiti ya supamaketi, upande mmoja maziwa na unga wa chapati, upande wa pili ameandika kwa kalamu nyekundu: "Muuza samaki si mama yako. Wewe ni mtoto wa Mwinyi Salimu. Usimwambie mtu." Ankal, niliskia mwili umekuwa baridi. Nikaikunja mara nne nikaiweka ndani ya kava ya simu, na imekaa hapo tangu siku hiyo, nafikiri ndio kitu nimewahi kuficha muda mrefu kuliko vyote.

Sasa kuna huyu jamaa wa Embakasi (nitawaita kwa mitaa yao wasijijue haraka). Mhusika wake ni Kombo, mtoto wa tatu wa nyumba ya kiungwana iliyofilisika, mali yake ni farasi mmoja na madeni. Kwa miezi sita huyu Kombo amekuwa akimchumbia Bibi Mahira, na si mchezo, jamaa anaandika barua katikati ya wiki kwa daftari kabisa, Jumapili anazisoma kwa sauti na sisi tunapiga meza. Alipigana kwa sababu ya Mahira akavunjwa bega. Alitumia vipande 400 vya dhahabu kununua kasuku anayejua mashairi, akarusha dadu kuona kama zawadi imependwa, ikaanguka moja, kasuku akamtukana Mwinyi Haruni mbele ya wageni. Hiyo siku tulicheka mpaka mtu akamwaga chai.

Basi Jumapili moja stima zikapotea tukiwa katikati ya vita. Dadu yake ikaingia chini ya sofa, simu yangu ndio ilikuwa na chaji, akaniomba tochi. Akalala chini pale akitafuta, akakaa, akakaa tena. Kava yangu imelegea ikiguswa kidogo inatoka. Akainuka na dadu mkononi, akanirudishia simu akaniangalia hivi, akasema "asante, Bibi." Huyu mtu hajawahi kuniita Bibi. Huniita "malenga" ama haniiti kitu.

Jumapili iliyofuata Kombo hakusoma barua. Akasema tu Kombo amechoka na ikulu, akaenda sokoni kununua machungwa, akamletea Zawena. Wiki ya pili akataka kwenda kumsalimia mama muuza samaki. Wiki ya tatu akapiga goti. Goti la kweli, Ankal, kwa zulia la Donholm, akasema Kombo hataki kiti wala ikulu anamtaka Zawena. Watu wakapiga nduru mpaka keateka akakuja kugonga mlango akidhani tunaibiwa. Mimi nikasema Zawena anataka muda.

Na nje ya gemu pia amebadilika. Ananisindikiza mpaka steji, siku moja akanilipia nauli, usiku anauliza kama nimefika. Kabla ya hiyo giza hatukuwa tunaongea kitu nje ya dadu.

Kuongezea, yule wa Rongai ni paladini, yaani shujaa wa kiapo, na amefika levo ya 5, amepata ule uchawi wa Duara ya Ukweli ambao ukiwa ndani yake huwezi kusema uongo, na ameapa kwamba kwa karamu ya uchumba ataumwaga ukumbini awahoji wachumba wote na marafiki zao. Karamu ni Jumapili baada ya hii inakuja. Mimi nitakuwa hapo na siri yangu kwa kava.

Plani yangu ni kumpima. Nataka Zawena atangaze kwamba ameposwa na mvuvi na amekubali. Kama Kombo atarudi mbio kwa Mahira nitajua hakuwa na mapenzi, alisoma karatasi na alikuwa anafuata kiti. Rafiki yangu wa South B anasema hiyo ni dharau, mimi naona ni akili. Gemu masta hajui kitu, naogopa kumwambia kwa sababu ameandika hii stori zaidi ya mwaka na ataona nimeiharibu na uzembe.

Nimtege ama nisimtege? Na kama alisoma, si huo ni wizi? Na kama hakusoma, basi lile goti lilikuwa la nani?

Malenga wa Umoja

——

Malenga,

Sijacheka. Sawa, nimecheka kwa misumari, na kwa kasuku, na huyo kasuku naomba msije mkamuua.

Hebu nianze na huo mtego wako kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu na hii hesabu umeikosea. Chukua kwamba alisoma karatasi. Basi anajua Zawena ni damu ya Mwinyi Salimu, na kuposwa na mvuvi hakubadilishi damu, kwa hivyo hatakimbia, atazidisha, atakuja na machungwa gunia mbili na mpango wa kumwondoa mvuvi. Sasa chukua kwamba hakusoma kitu, Kombo amempenda tu Zawena, ama mchezaji ameona hadithi nzuri hapo kando akaifuata. Ukimwambia msichana ameposwa na amekubali, mtu mwenye adabu anafanya nini? Anarudi nyuma. Kwa hivyo mtego wako utamshika asiye na hatia na kumwachilia mwizi, na wewe utarudi Umoja ukiwa na uhakika kabisa wa jambo ambalo si kweli. Rafiki yako wa South B ameona dharau. Mimi naona hata kabla ya dharau, haufanyi kazi.

Sasa huo ushahidi. Karatasi imekunjwa mara nne, iko ndani ya kava, nje kuna giza, mtu amelala na tumbo mkono mmoja chini ya sofa. Kuisoma ilibidi aitoe, aikunjue, asome, aikunje vilevile, airudishe, na hapo anaendelea kumulika dadu na watu watano wamekaa juu yake wakiuliza umeipata? Inawezekana, sikatai. Lakini hujaniambia kama ulipofika nyumbani uliikuta imekunjwa tofauti, na mtu ambaye ameficha kitu miezi saba angeangalia hiyo kwanza. Naona uliangalia na ilikuwa sawa, na hukuandika. Na "asante, Bibi" gizani, Nairobi hii, inaweza kuwa na maana kumi na mbili, tisa kati yake hazihusiani na ufalme.

Lakini tuseme alisoma. Uliuliza kama ni wizi. Hapa nataka utenganishe watu wawili, Kombo na jamaa wa Embakasi, kwa sababu umewachanganya barua nzima, na sikulaumu, ndio utamu wa mchezo wenyewe. Kombo kukimbia kutoka kwa Mahira kwenda kwa Zawena baada ya kunusa damu ya mtawala, hiyo si kosa, hiyo ni tabia yake hasa. Mtoto wa tatu, farasi mmoja, madeni, unataka afanye nini? Kwenye masimulizi ya Fumo Liyongo mfalme alimwahidi kijana wa Liyongo bintiye ili amuue baba yake, na kijana akaenda na sindano ya shaba akamchoma babake kitovuni akiwa amelala, na huyo bibi arusi mwenyewe hakumpata. Posa na kiti vimekuwa vikitembea pamoja tangu zamani pwani yetu hii. Kwa hivyo Kombo namsamehe. Kama kuna kosa ni la mchezaji, kwamba alisoma kitu cha mezani ambacho hakikuandikwa kwake na akakitumia bila kusema. Ni kosa, lakini si la kumfukuzia mtu. Ni la kumwita kando na kumuuliza, basi.

Na ukweli ni kwamba hata wewe una kosa hapa, nitakuonyesha.

Miaka mingi iliyopita niliendesha meza Ngara, watu watano, chumba kimoja, tukikaa kwa ndoo za rangi zilizogeuzwa. Mchezaji mmoja nilimpa siri kama yako, kwamba yeye ndiye mrithi. Mwingine hakujua, na kwa miezi minane huyo mwingine alikuwa anajenga mhusika wake awe mtawala, anatafuta wafuasi, anaandika sheria za mji, alikuwa hata amechora bendera. Nilikuwa nafurahi sana moyoni nikiona jinsi itakavyomshangaza. Siku ya kufichua nikafichua. Kimya. Wengine wakapiga makofi. Yeye akachukua dadu zake moja moja akazirudisha kwa soksi, alikuwa anazibeba kwa soksi ya mtoto, akasema tu, "Kumbe nilikuwa nacheza stori ya mtu." Hakukasirika wala hakuinua sauti. Hakurudi. Mpaka leo nikisikia dadu zikigongana ndani ya kitambaa namkumbuka.

Jamaa wako wa Embakasi ameweka miezi sita kwa Mahira. Barua kwa daftari, bega, dhahabu 400. Na wewe pamoja na gemu masta mmekuwa mkijua muda wote huo kwamba kiti cha Mahira ni cha kuazima, kwamba siku yoyote karatasi yako ikitoka barua zake zote zitakuwa za bure. Mmemtazama akisoma, mkapiga meza na wengine. Sisemi mlikuwa na nia mbaya, hata mimi sikuwa nayo. Lakini siri ambayo mhusika haijui ni kitu kitamu, na siri ambayo mchezaji mwenzako haijui huku anaijengea nyumba juu yake, hiyo ni kitu kingine, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyooza.

Kwa hivyo fanya hivi, na ufanye kwa mpango huu, usiruke.

Leo hii mpigie gemu masta. Usimwandikie, mpigie. Mwambie karatasi ilikuwa kwa kava, stima zilipotea, simu ikaenda chini ya sofa, sijui kama ilisomwa. Atakasirika dakika tatu alafu ataanza kufikiria stori, hao watu ndivyo walivyo, nakuambia kama mmoja wao. Alafu mwambie unataka jamaa wa Embakasi aambiwe kabla ya karamu, kama mchezaji, kwamba kuna siri ya ukoo inayogusa Mahira. Akikataa mwambie kuhusu soksi.

Baada ya hapo muulize jamaa mwenyewe. Si mezani mbele ya watu, na si kwa ujumbe wa saa nne usiku ambapo kila neno linasomwa mara sita. Muulize kwa steji Jumapili hii, kukiwa na mwangaza na konda anapiga kelele, mahali ambapo ukimya ukizidi matatu itakuja kuwaokoa. Na uanze na karatasi, usianze na goti. Kitu kama, "Ile siku ya giza, uliona karatasi kwa kava yangu? Sikulaumu, nataka tu kujua ndio tupange karamu." Hapo akisema ndio, mshukuru, mwambie umemwambia gemu masta, na mpange. Akisema hapana, mwamini. Naam, mwamini, kwa sababu huna njia ya kuchunguza na mchezo huu hauchezeki na mtu usiyemwamini, bora ucheze drafti na mamako.

Sasa Duara ya Ukweli, na hapa naomba wale wasiocheza wanivumilie, ama waende wakaweke chai.

Kwa sheria za toleo la tano, lile la 2014, huo uchawi una nusu kipenyo cha futi 15, yaani kama mita nne na nusu kila upande, unakaa dakika 10. Mwenye ameingia anarusha dadu ya kujikinga kwa Karisma, ile alama ya mvuto wa mhusika, akishindwa hawezi kusema uongo wa makusudi akiwa ndani. Soma hapo tena: uongo wa makusudi. Haukulazimishi kuongea. Unajua uko ndani, unaweza kunyamaza, unaweza kuzunguka. Wewe ni malenga wa levo ya 5, na malenga wana mafunzo ya kujikinga kwa Karisma, kama Karisma yako ni 18 unaongeza 7 kwa dadu. Paladini wa Rongai akiwa na Karisma 16 unahitaji kufika 14, kwa hivyo dadu ikianguka 7 na juu umepona, hiyo ni mara 14 kati ya 20. Inaonekana vizuri, sindio? Shida ni kwamba unarusha tena kila zamu yako ikianza ukiwa ndani, na dakika 10 ni zamu 100, kwa hivyo itafika mahali utashindwa tu, na paladini anajua nani ameshindwa na nani ameponyoka. Tena ukiponyoka ndio atakushuku zaidi.

Usitegemee dadu, tegemea mdomo, wewe ni malenga bana. Akikuuliza wewe ni nani, "Nimelelewa na mama muuza samaki, mikono yangu bado inanuka papa ukitaka kuthibitisha." Kila neno ni kweli. Akiuliza baba yako ni nani, "Mama hakuwahi kumtaja jina, na wewe babako alikufundisha kuuliza wasichana maswali haya mbele ya wageni?" Ama simama mita tano kutoka katikati ya hilo duara na sahani ya pilau. Ukumbi wa karamu ni mkubwa.

Lakini kama nyinyi wote watatu mtakuwa mmeongea kabla, nakuhakikishia hutataka kukwepa. Utataka kuingia katikati ya hilo duara kwa miguu yako na kusema, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo neno lako litaaminiwa. Na hapo ndipo gemu masta wako asiwe mvivu. Asiseme tu kwamba watu wamejua wewe ni damu ya Salimu wakainama. Watu hawainami hivyo. Duara inathibitisha kwamba unaamini unachosema, haithibitishi kwamba ni kweli, muuza samaki angeweza kukosea. Mwambie amwangalie Perkin Warbeck, yule aliyejitokeza Uingereza zamani za Henry VII akidai yeye ni mtoto wa mfalme Edward IV aliyepotea. James IV wa Scotland alimpokea, akamwoza mwanamke wa ukoo mkubwa, Catherine Gordon, mwaka 1496, akampa na jeshi. Unadhani James alikuwa amehakikisha damu? Alikuwa na ugomvi na Henry, na kijana mwenye dai ni silaha nzuri. Mambo yalipobadilika Warbeck akaachwa, na mwaka 1499 akanyongwa. Kabla yake kulikuwa na mwingine, Lambert Simnel, huyo alikuwa mtoto mdogo tu, Henry akamsamehe akampeleka jikoni kugeuza nyama.

Kwa hivyo swali la karamu si kama Zawena ni mtoto wa Salimu. Swali ni nani pale ukumbini anafaidika akiwa ni yeye. Nani amechoka na kodi za Haruni? Nani alimzika mama mzazi na kwa nini hakusema? Mahira mwenyewe anataka kiti, ama angefurahi mtu amtue huo mzigo? Mimi ningetaka sana kumwona Mahira akiwa wa kwanza kumtambua binamu yake, alafu Haruni, mtu mjanja, badala ya kumkana Zawena anamkumbatia mbele ya watu wote, anamwita "mwanangu", na hapohapo anamtafutia mume. Hapo umesimama na siri imekwisha na balaa ndio inaanza. Na Kombo amesimama kati ya wanawake wawili, mmoja ana barua zake na mwingine machungwa yake, na safari hii mwenye kumcheza anajua kila kitu, kwa hivyo atakachochagua kitakuwa chake. Hiyo nafasi ndiyo yule wangu wa soksi hakupata.

Halafu hili la magoti kwa zulia. Nisikize. Uchumba kati ya wahusika wa wachezaji wawili ni kitu cha kushika kwa vidole viwili kama sufuria ya moto. Meza nyingi haziruhusu kurusha dadu ya Ushawishi kuamua moyo wa mhusika wa mtu mwingine, na yenu pia isiruhusu, moyo wa Zawena ni wako hata dadu ianguke 20. Wengine huweka mezani kadi imechorwa X, ilibuniwa na John Stavropoulos, mtu yeyote akiigusa jambo lililopo linarukwa na hakuna anayeuliza sababu. Kipande cha boksi la unga kinatosha, muiweke karibu na chupa ya joka.

Na sisi tuna dawa yetu ya kienyeji ambayo sijui kwa nini hamjaitumia. Kombo anataka kuposa? Atume mshenga! Kwani huko kisiwani hakuna wazee? Alete barua ya posa, wazee wake waje kwa muuza samaki, wakalishwe jua kidogo, waulizwe huyu kijana wenu ana nini zaidi ya farasi, na mahari inatajwa, na inakataliwa, na wanarudi tena. Gemu masta aigize shangazi mkali. Wa Rongai awe mshenga, paladini hasemi uongo, hebu fikiria mshenga asiyeweza kusema uongo anaulizwa kuhusu madeni ya bwana harusi. Mtacheka Jumapili tatu. Na muhimu kwako, maneno mazito yatakuwa yanapitia kwa mtu wa tatu, hutakuwa unaangaliwa machoni na mwanaume amepiga goti huku watu watano wanasubiri jibu ambalo hujui ni la Zawena ama ni lako.

Ambapo tunarudi kwa swali lako la mwisho, lile goti lilikuwa la nani. Sijui, na yeye pia inawezekana hajui. Mtu akisoma mashairi kila Jumapili miezi sita mbele ya msichana mmoja anayepiga meza kwa nguvu kuliko wengine, hata kama mashairi ni ya Mahira, kitu kinaweza kuhama bila karatasi yoyote. Nauli moja si posa lakini si kitu bure pia. Umeniandikia barua ndefu, umenieleza kasuku na kava na levo ya paladini, na hakuna mahali umesema kama ungependa liwe lake. Hiyo kaa nayo wewe. Ila ukiona jibu ni ndio, mwambie kwa jina lako, siku isiyo Jumapili, mkiwa mbali na hiyo nyumba ya Donholm, na mwachie Zawena mambo yake.

Karatasi itoe kwa kava leo. Mpe gemu masta aitumie karamuni, risiti ya maziwa na unga wa chapati, iwe ndio cheti cha kuzaliwa cha binti wa mtawala. Na baada ya karamu niandikie tena uniambie Mahira alisema nini, kuhusu hayo mengine mtajuana wenyewe.

Ankal